Jasho la Wanaojitolea Katika Jumuiya za Mtandaoni

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia)



Mmeniomba nizungumzie jumuiya za mtandaoni kwa kuwa nilizisomea. Ni kweli. Nilipokuwa mwanafunzi wa mawasiliano ya jamii niliandika tasnifu ya kulinganisha jumuiya mbili za namna hiyo: moja ya biashara, nyingine ya wanaharakati. Niliianza kazi ile nikiwa nimekwisha kutoa hukumu moyoni: wafanyabiashara ni wanyonyaji, wanaharakati ni watu wema. Ujana una haraka yake.

Jumuiya ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya America Online ya Marekani. Hadi Desemba 1996 wateja wake walilipa kwa saa. Kadiri mtu alivyokaa katika vyumba vya maongezi, ndivyo kampuni ilivyopata fedha. Lakini ni nani aliyewakaribisha wageni, akaamua ugomvi, akawaonya watukanaji? Walikuwa maelfu ya watu wa kujitolea. Waliomba nafasi, wakafundishwa, wakapangiwa zamu, wakaandika taarifa za saa walizotumika. Ujira wao ulikuwa kupata huduma bure au kwa bei pungufu. Mwaka 1999 baadhi yao walikwenda mahakamani New York, wakidai kwamba mtu anayepangiwa zamu ni mfanyakazi, naye anastahili kima cha chini cha mshahara. Shauri hilo lilimalizika kwa mapatano mwaka 2010, kampuni ikakubali kutoa dola milioni 15.

Jumuiya ya pili ni Indymedia. Ilizaliwa Seattle mwezi Novemba 1999, wakati wa maandamano ya kupinga mkutano wa Shirika la Biashara Duniani. Mtu yeyote aliweza kuandika habari na kuitangaza mwenyewe, na kwa miaka michache vituo vyake vilienea katika nchi nyingi. Hapakuwa na tajiri aliyevuna faida. Waraka wa Laborem exercens wa mwaka 1981 unafundisha kwamba kazi iko mbele ya mtaji. Nikaandika kwamba fundisho hilo limetimia pale.

Mwalimu wangu alipiga mstari chini ya sentensi hiyo, akauliza pembeni: “Usiku wa manane, nani alifuta matusi?”

Swali hilo lilinirudisha mezani kwa wiki nyingi. Mlango ulio wazi kwa wote uliwaingiza pia wachochezi wa chuki, ikabidi watu wakeshe kusafisha. Nao walikuwa wa kujitolea, kama wale wa kampuni. Na ni nani awezaye kukesha bila malipo mwaka hata mwaka? Mwanafunzi, kijana asiye na familia, mwenye mshahara wa kutosha mahali pengine. Mama alelaye watoto na kibarua wa kutwa hawawezi, hata kama habari zinazoandikwa ni zao. Basi wenye nafasi ndio wakawa waamuzi. Na walipochoka, vituo vingi vikanyamaza.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Aliyejitolea Seattle alijua anampa nani jasho lake. Yule wa kampuni alidhani anawasaidia wageni wenzake, kumbe anamwongezea mwenye hisa. Tofauti hiyo ni kubwa na sijaiacha hadi leo. Nilichoacha ni kudhani kwamba nia njema ya shughuli inafuta deni kwa yule anayeitenda.

Kwetu parokiani, kundi la WhatsApp la vijana linasimamiwa na binti mmoja. Hutangaza misiba na mikutano, hutuliza magomvi ya siasa, huondoa picha chafu, tena hununua bando kwa fedha yake. Ni miaka mitatu sasa, na mimi paroko wake nilikuwa nikimsifu tu kwamba ana karama. Wiki iliyopita nilimwuliza gharama zake za mwezi. Alinyamaza kwanza, kisha akazitaja, akaomba pia apate msaidizi wa usiku. Yote mawili yamo katika ajenda ya halmashauri ya walei Jumapili hii, nami nimemwomba aje ayaeleze mwenyewe.