OVENI HUCHAGULIWA NYUMBANI KABLA YA DUKANI
Hotuba ya Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi



 

Mama Mwenyekiti alituomba tuzungumzie mikopo ya nyumba. Tulikaa, tukaona tusiwachoshe kwa hesabu, kwani Mweka Hazina atazisoma. Sisi tutazungumzia jambo moja dogo, nalo ni oveni ya kujengea ndani ya kabati la jikoni. Msicheke, jamani. Oveni hiyo ndiyo iliyotufundisha kazi yetu.

Tulipoanza kikundi, wengi wetu tulikuwa tunapika uani kwa makaa. Mkate wa kumimina tuliuoka kwa kupalia, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na jicho halibanduki. Miaka ikaenda, hisa zikakua, wenzetu wakaanza kujenga. Na mtu akijenga, jiko huliacha mwisho. Hapo ndipo penye kasoro.

Mwaka wa saba wa kikundi, mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa kumalizia jiko. Mwenyewe ameturuhusu tuseme, ila jina tusilitaje. Fomu ilikuwa safi, wadhamini wapo, sisi tukatia sahihi. Hakuna aliyemwuliza, "Mama, hiyo oveni utaiweka wapi?" Akanunua oveni ya umeme, nzuri, ya kioo cheusi. Ilipofika nyumbani, seremala alikuwa ameshaacha uwazi wa sentimeta 54. Oveni nyingi za aina hiyo zina upana wa karibu sentimeta 60 kwa mbele, na uwazi wake hutakiwa uwe karibu sentimeta 56. Basi ubao ukakatwa, oveni ikaingia kwa kusukumwa. Ikachomekwa kwenye soketi ya kawaida, pamoja na jokofu. Siku ya tatu plagi ikayeyuka, ukuta ukaingia weusi. Kwa rehema za Mungu watoto walikuwa shuleni.

Oveni ikatolewa, ikakaa sebuleni miezi 14, imefunikwa kitambaa, juu yake televisheni. Na kila mwezi mwenzetu alikuja kulipa rejesho la kitu asichokitumia. Watu walimtania. Siku moja akatuambia anataka kuchukua hisa zake aondoke. Siku ile tuliona aibu, maana kosa halikuwa lake peke yake. Pesa ilikuwa ya kikundi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kutazama.

Tangu hapo tukauliza mafundi, tukajifunza. Haya tunamwachia kila mwenzetu anayejenga.

Kwanza, ijue oveni yako kabla ya kupiga plasta. Si lazima uinunue siku hiyo, ila upate karatasi ya vipimo vyake, umpe seremala mkononi. Asikadirie kwa macho. Aache na nafasi ya hewa kama karatasi inavyosema, kwa kuwa oveni isiyopata hewa huunguza kabati.

Pili, umeme. Tafuta kibandiko kinachotaja wati. Nyingi huwa kati ya wati 2,000 na 3,500. Soketi ya ampia 13, kwa umeme wa volti 230, inabeba karibu wati 2,990 na hapo imefika mwisho wake. Kwa hiyo oveni ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, na sakiti breka yake, na waya wa ethi. Unene wa waya aupime fundi mwenye leseni. Kabla ya plasta hiyo ni kazi ya kuchimba mfereji ukutani tu. Baada ya vigae ni kubomoa. Na zile oveni zilizotumika zinazotoka nje, ukiona kibandiko kinasema volti 110 au 120 peke yake, iache hapo hapo, haikutengenezwa kwa umeme wetu.

Tatu, matumizi. Oveni ya wati 2,500 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti mbili na nusu. Kwa kawaida hupungua, maana ikishapata joto hujizima na kujiwasha. Tuseme unatumia uniti moja na nusu kila siku. Kwa mwezi ni uniti 45. Mwenzetu aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, amebakiwa na 30 za taa, jokofu na pasi. Na mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 sote tunaukumbuka. Anayeoka kwa biashara asitegemee umeme peke yake.

Nne, gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni. Usiufungie mtungi ndani ya kabati lililozibwa. Uweke nje, penye kivuli na hewa. Hakikisha nozeli za oveni ni za gesi ya mtungi. Maungio uyajaribu kwa povu la sabuni, na kiberiti kikae mbali.

Tano, jiulize unaoka nini, na mara ngapi. Oveni ya kujengea inapendeza, lakini haihami. Jiko la kusimama lenye oveni chini yake unahama nalo, na likiharibika halikubomolei kabati.

Sasa mwisho wa habari yetu. Mwenzetu hakuondoka. Tulimwongezea muda wa marejesho, akaiuza ile oveni kwa hasara, akanunua jiko la gesi la kusimama, na mkopo akaumaliza. Mwaka uliofuata mwenzetu mwingine alikuja kabla ya plasta. Tulikwenda naye na futi mkononi, tukamkutanisha na fundi umeme na seremala siku moja. Oveni yake ipo ukutani hadi leo, haijamsumbua. Wote wawili tunaona wamechagua vizuri, kila mmoja kwa nyumba yake na mfuko wake.

Siku hizi fomu ya jiko ikiletwa, wawili wetu huenda kwanza kutazama. Tunasikia wengine wanasema eti kamati inachungulia majiko ya watu. Ni kweli, tunachungulia. Pesa ni zetu sote, na rejesho lisilo na faida humuumiza mwanachama kabla halijaumiza kikundi. Tunawaomba miaka kumi ijayo mtuvumilie hivyo hivyo.

Keki itakayokatwa leo imeokwa na mwenzetu yule yule, kwenye lile jiko lake la kusimama. Mtakapoionja, mumpongeze.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.