Huruma na Ustadi
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza nieleze jambo moja ambalo mtalipigia kura kabla ya mkutano huu kufungwa: je, chama chetu kiwapokee wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea shahada ya pili ya ustawi wa jamii, ili wafanye mazoezi ya kazi hapa kwetu? Najua kwamba wengi wenu mna shaka. Wengine husema, "Sisi twawazika wafu wetu na kuwalipia mayatima karo bila ya shahada yo yote; mtoto wa juzi atatufundisha nini?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tujue mwanafunzi huyo hudaiwa ustadi gani, ni nani walioweka vipimo vya ustadi huo, na vipimo hivyo vina faida gani kwa watu wetu.

Kuwasaidia wenye shida ni jambo la kale kama binadamu, lakini kulifundisha darasani si jambo la kale sana. Mwaka 1898 yalifunguliwa mafunzo ya wiki sita mjini New York kwa ajili ya wafanyakazi wa vyama vya misaada, na mwaka uliofuata chuo kikafunguliwa Amsterdam. Mwaka 1917 bibi mmoja Mmarekani, Mary Richmond, alitoa kitabu kiitwacho Social Diagnosis. Fundisho lake kwa ufupi ni kwamba haifai kumsaidia mtu kwa kukisia. Sharti kwanza ukusanye ushahidi wa hali yake, nyumba yake na jamaa zake, kama daktari ampimavyo mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

Katika bara letu, mwaka 1941 palianzishwa Johannesburg chuo kilichoitwa kwa jina la Jan Hofmeyr, ili Waafrika wafundishwe kazi hii. Humo walisoma Joshua Nkomo na Winnie Madikizela, ambaye baadaye aliolewa na Nelson Mandela. Hapa Kenya, Jeanes School ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliwafundisha askari waliorudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945 kuwa watumishi wa ustawi katika wilaya zao. Mwaka 1971 walimu wa kazi hii waliunda chama cha Afrika nzima, makao yake yakiwa Addis Ababa, nao wakataka mafundisho yatokane na maisha ya Waafrika, si vitabu vya ng'ambo pekee. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii katika miaka ya 1970. Basi jambo hili si geni kwetu, wala si la Wazungu peke yao.

Sasa nitaeleza vipimo vyenyewe. Mwaka 2004, katika mji wa Adelaide, Australia, vyama viwili vya kimataifa, kimoja cha vyuo na kimoja cha wafanyakazi, vilikubali vipimo vya mafundisho ya kazi hii kwa dunia nzima, na mwaka 2020 vikatengenezwa upya. Hivyo ni mwongozo, si amri. Kila nchi huachiwa nafasi ya kuvilinganisha na mila, sheria na mahitaji yake.

Walioandika kwa undani zaidi ni Wamarekani. Baraza lao la mafundisho ya ustawi wa jamii liliundwa mwaka 1952. Zamani baraza hilo liliangalia hasa masomo yaliyofundishwa. Tangu mwaka 2008 huuliza swali jingine: mwanafunzi huyu aweza kutenda nini? Katika vipimo vyao vya mwaka 2022 yametajwa mambo tisa ya ustadi. La kwanza ni mwenendo mwema na uaminifu katika kazi. La pili ni kutetea haki za binadamu, na haki katika jamii, uchumi na mazingira. La tatu ni kupinga ubaguzi na kuheshimu tofauti za watu. La nne ni kuutumia utafiti katika kazi, na kuitumia kazi katika utafiti. La tano ni kushughulika na sera za serikali. Manne ya mwisho ni hatua za kazi yenyewe: kumpokea mtu na kushirikiana naye, kuichunguza hali yake, kutenda lipasalo, na kupima kama lililotendwa limefaa.

Ustadi huo hauonekani kwenye karatasi ya mtihani. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza kule hutakiwa kufanya mazoezi ya kazi kwa saa zisizopungua 400, na yule wa shahada ya pili saa 900. Nimezipigia hesabu saa hizo. Mtu akifanya kazi siku tatu kwa wiki, saa nane kila siku, saa 900 zitamchukua zaidi ya wiki 37. Vipimo hivyo vya Marekani havina amri juu ya vyuo vyetu, lakini vyatuonyesha kwamba hata huko kwenye vitabu vingi wamekiri kuwa kazi hii haijulikani bila kuifanya. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huenda mtu akauliza kwa nini tujali shahada ya pili, hali ya kwanza ingetosha. Jibu ni hili: mwenye shahada ya pili ndiye atakayewasimamia wengine, atakayepanga kazi ya wilaya, na atakayeishauri serikali inapotunga sheria. Mtumishi mmoja akikosea, nyumba moja huumia. Akikosea yule anayewafundisha watumishi, nyumba mia huumia, na kosa hilo huitwa desturi. Ndiyo maana vipimo vyake sharti viwe vigumu zaidi.

Nije sasa kwenye mambo yetu wenyewe. Kitabu chetu cha misaada kina safu tatu: jina, siku na shilingi. Hivyo ndivyo kilivyopangwa tangu chama kianze, na mkaguzi wa hesabu hana lawama juu yake. Lakini mtu akiuliza, "Yule mjane aliyepewa karo ya mwanawe, je, mtoto alimaliza shule?" kitabu hakina jibu. Twajua fedha ilikotoka na mkono ulioipokea. Baada ya hapo ni giza. Mjane yule yule huweza kuja mwaka wa pili na wa tatu, nasi tukampa kila mara, pasipo mtu kumwuliza kama shemeji zake wamemnyang'anya shamba. Pengine karo ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe ni shamba. Huruma yetu ni ya kweli, mabibi na mabwana, lakini huruma humwona mtu siku aliyokuja kulia. Ustadi humfuata hata siku aliyonyamaza.

Basi nalijibu lile swali la kwanza. Mwanafunzi hatatufundisha huruma, wala hatatufundisha kuzika. Atatufundisha kuuliza, kuandika na kufuatilia. Nasi tuna mengi ya kumfundisha: jinsi ya kuingia katika nyumba ya watu, nani husalimiwa kwanza, maneno gani hayasemwi mbele ya watoto, na mzee yupi akisema neno ugomvi huisha. Maelezo ya kazi hii yaliyokubaliwa na vyama vya kimataifa mwaka 2014 yanasema wazi kwamba maarifa ya wenyeji ni sehemu ya misingi yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hana budi kupona.

Sitaficha kwamba iko hofu nyingine ambayo husemwa nje ya mikutano: kwamba wanafunzi hawa watazichukua siri za watu na kuziandika katika vitabu vyao. Hofu hii ina msingi. Mwenye njaa hawezi kukataa kuulizwa maswali na mtu anayedhani atamletea chakula. Ndiyo sababu idhini ya kweli ni ile ambayo mtu aweza kuikataa na bado akapata msaada wake. Katika nchi yetu iko pia sheria ya mwaka 2019 inayolinda habari za watu, nayo yatuhusu sisi kama inavyowahusu wenye mabenki.

Lakini siri ina mpaka wake, nami sina budi kuutaja ingawa si neno la kupendeza. Mwanafunzi aliyefundishwa vema akiona mtoto anapigwa hata kuumizwa, hatanyamaza, hata kama nyumba hiyo ni ya mwanachama, hata kama ni ya mmoja wetu wa Halmashauri. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Tukiwapokea wanafunzi, tunalipokea jicho hilo pia. Afadhali tupige kura leo tukijua hivyo kuliko kukubali kwa shangwe na kulalamika kesho.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu masharti sita. Kwanza, tupokee wanafunzi wawili tu kwa mwaka, maana hatuna watu wa kuwasimamia wengi. Pili, chuo kimteue mwalimu mwenye shahada ya kazi hii awasimamie pamoja nasi, kwa kuwa hapa kwetu hakuna aliye nayo. Nasi tumtoe mwanachama mmoja mzoefu awape saa moja kila wiki, bila ya kukosa. Tatu, hakuna jalada litakalotoka ofisini, wala jina la mtu litakaloandikwa katika kazi ya chuo. Nne, picha zisipigwe za watu wanaopokea msaada. Tano, kabla mwanafunzi hajaondoka, atusomee kwa Kiswahili yale aliyoyaona, mbele ya wanachama, ili tuweze kumsahihisha. Sita, katika kitabu chetu iongezwe safu ya nne, yenye kichwa hiki: "Ikawaje?" Safu hiyo tutaijaza sisi wenyewe, wawepo wanafunzi au wasiwepo.

Sharti hili la sita laweza kupita hata mkiyakataa matano mengine, nami naomba lipigiwe kura peke yake. Gharama yake ni kalamu, rula, na mtu wa kwenda kubisha hodi miezi mitatu baada ya fedha kutolewa.

Bwana Mwenyekiti, shahada haimfanyi mtu kuwa mwema, nalo hilo twalijua sote. Walakini wema usiopimwa huweza kuendelea miaka mingi pasipo kumwinua hata mmoja. Vipimo nilivyovitaja viliwekwa ili anayesaidiwa aweze kutuuliza hesabu, kama sisi tumwulizavyo mweka hazina. Nawaachieni neno hili mlifikiri, na kura ni yenu.