Kumsomesha Mtumishi ni Makubaliano ya Pande Mbili

(Maneno ya ofisi ya utumishi katika mkutano wa wakuu wa vituo)



Leo tuna jambo moja: ada za watumishi wanaokwenda kusoma.

Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania ianze kazi Julai 2005, watoto wengi wa wakulima wamefika chuo kikuu. Lakini mwongozo wake humtaka mwombaji awe hana ajira. Kwa hiyo muuguzi wetu mwenye stashahada, anayetaka shahada akiwa kazini, hakopeshwi. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo naye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Akitaka kujiendeleza, kinachobaki hakitoshi chakula na ada. Watu hawa wanamtazama mwajiri.

Hapa tukiri kosa letu. Mtumishi wetu mmoja tulimwahidi ada kwa mdomo tu. Mwaka wa kwanza tulilipa. Mwaka wa pili mfadhili alijitoa, nasi tukanyamaza. Alizuiwa kufanya mtihani hadi familia yake ilipouza ng'ombe. Alipohitimu hakurudi kwetu. Wapo tuliomwita msaliti, kumbe sisi ndio tuliotangulia kuvunja ahadi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya yaandikwe na kutiwa sahihi kabla mtu hajaondoka:

1. Kiasi cha ada tutakachotoa, na kwa miaka mingapi. Tusiahidi fedha ambazo hatuna.

2. Kama mshahara utaendelea akiwa masomoni, na kazi atakayorudia.

3. Miaka atakayotumika akirudi. Akiondoka mapema, arudishe sehemu ya miaka iliyobaki tu, si fedha zote.

Aidha, vigezo vya kuwachagua vibandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo vyote, ili mhudumu wa zahanati ya mbali asipitwe na aliye jirani na ofisi.

Ndugu zetu, ahadi ni deni. Deni la mtumishi kwa Bodi tunalikata kila mwezi bila kukosa. Basi na deni letu kwake tulilipe kwa wakati.