Baraza, Ardhi na Dhahabu
(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya mabaraza yetu na ardhi yetu. Hatutasema ili kufufua uchungu wa zamani. Twasema kwa sababu dhahabu ya Kakamega yatafutwa tena hata leo, na wanachama wengi wanauliza chama kitasimama wapi. Jibu lake limo katika mambo yaliyowapata wazee wetu.

Mabaraza ya Wenyeji yaliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1924, yakaanza kazi mwaka wa 1925. Mwenyekiti wake alikuwa D.C. Wajumbe wengine walichaguliwa na watu, wengine waliteuliwa na Serikali, na maazimio yao hayakuwa na nguvu mpaka yamekubaliwa na Serikali. Hata hivyo tusiyadharau. Kwa ushuru waliotozana wenyewe, wazee wetu walisaidia barabara, zahanati na shule. Kwa hiyo hawakuwa watu wasiojua kutunza mali ya umma.

Mwaka wa 1930 ilitungwa sheria ya kulinda ardhi ya rizavu. Iliahidi kwamba ardhi hiyo itakuwa kwa matumizi na faida ya wenyeji milele. Ikiwa kipande kitatwaliwa kwa kazi ya umma, ilipasa ardhi nyingine ya kiasi hicho itolewe badala yake, na Baraza la Wenyeji liulizwe kwanza.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ilivumbuliwa Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati ule Kavirondo ya Kaskazini, Jimbo la Nyanza. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Wakaja kwa mamia, wakapiga mahema, wakachimba mahandaki katikati ya mashamba ya watu. Ndipo mwezi wa Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo ardhi iliweza kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila kutolewa ardhi nyingine, na bila Baraza kuulizwa kwanza. Mwenye shamba angelipwa fedha. Jambo hilo lilizusha malalamiko hapa na Uingereza pia, hata likajadiliwa Bungeni huko mwaka wa 1933. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita. Ile ahadi ya milele haikutimiza miaka mitatu.

Tuangalie vema kilichopotea. Fedha ilikuwa na thamani yake, na vijana wengi walipata mshahara migodini. Lakini mkulima aliyepewa fedha badala ya shamba hakuwa na mahali pa kuinunua ardhi nyingine, maana kila kipande cha jirani kilikuwa na mwenyewe. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Mgodi una mwisho wake. Shamba hulisha mtoto, mjukuu na kitukuu.

Baada ya hapo serikali za mitaa zilibadilika mara nyingi. Mwaka wa 1950 ilitungwa sheria ya Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, halmashauri za kaunti zikakabidhiwa ardhi ya amana. Katiba ya mwaka wa 2010 ikaleta serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, na ikaagiza wananchi washirikishwe katika maamuzi. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inasema haki ya kuchimba isitolewe juu ya shamba la mtu bila idhini yake. Lakini yasema pia kwamba idhini hiyo isikataliwe bila sababu ya haki. Katika mrabaha, sehemu 70 kwa mia ni za Serikali ya Taifa, 20 za kaunti, na 10 za jamii ya mahali madini yachimbwapo.

Haya ni mema, nasi twayashukuru. Lakini wazee wetu nao walikuwa na sheria njema mwaka wa 1930. Sheria njema bila watu wa kuilinda ni kama boma lisilo na mlango. Wakati ule Baraza lilinyimwa nafasi ya kuulizwa. Siku hizi twaulizwa, na mara nyingi viti vya mkutano hubaki vitupu. Kisha huandikwa kwamba wananchi walikubali.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ufikiri mambo matatu. Kwanza, chama kichague wanachama wawili wa kuhudhuria kila mkutano wa kaunti unaohusu ardhi au madini, na kutuletea habari kwa maandishi. Pili, kila mwenye shamba ahifadhi hati yake, wala asitie sahihi wala kidole karatasi yoyote kabla ya kusomewa kwa lugha anayoielewa, mkewe na watoto wake wakubwa wakiwapo. Tatu, chama kiulize kwa barua, kila mwaka, fungu la jamii limefika kiasi gani na limetumiwa kwa kazi gani.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari twaweza kuliandika sisi makarani; lakini hekima ya kujua mpaka wa kila shamba, na ni nani aliyelima hapo kwanza, iko kwenu wazee. Twawaomba mtupe hekima hiyo mngali nasi, tuiandike.

 Mungu akibariki chama chetu na kazi yake katika mwaka ujao.