Tulipime Bonde Kabla ya Kulilima



Maombi mengi ya miradi ya kilimo huliita bonde lenye majimaji "ardhi tupu". Sisi tunasema, tulipime kwanza.

Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 una vigezo tisa. Kimoja huuliza kama ardhioevu hupokea mara kwa mara ndege wa majini 20,000 au zaidi. Vingine hutazama viumbe walio hatarini kutoweka na mazalia ya samaki. Kigezo kimoja kikitimia, yatosha.

Bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2002. Ndimo wanamoishi sheshe, na zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huko. Likikaushwa, wataumia pia wavuvi na wakulima walio chini ya mto.

Basi, kabla ya kuomba fedha za kuchimba mifereji, kamati iwaulize wazee, wavuvi na wasukaji wa mikeka: Maji hukaa miezi mingapi? Samaki huzaliana wapi? Nani huchota hapo wakati wa kiangazi? Majibu yaandikwe. Nasi tutayasoma kabla ya kuandika hundi.