Mwizi na Mtoto Katika Picha za Sinema



Sisi tupendao picha za sinema twaulizwa mara nyingi zipi bora, za zamani au za siku hizi. Kwetu sisi picha njema haizeeki, na mbovu haiponywi na rangi wala kelele. Leo twapenda kuwasimulia picha tatu, mbili za zamani na moja ya miaka ya karibuni. Zilitengenezwa katika nchi mbali mbali, lakini zote zatazama jambo moja: mtoto aonapo wizi wa mtu ampendaye.

Ya kwanza ni Wezi wa Baiskeli, aliyoitengeneza Vittorio De Sica huko Italia mwaka 1948. Antonio Ricci, maskini wa mji wa Roma, apata kazi ya kubandika matangazo kwenye kuta. Kazi yataka baiskeli, na yake imewekwa rehani. Mkewe aondoa mashuka vitandani, ayapeleka rehani badala yake, na baiskeli yakombolewa. Siku ya kwanza ya kazi yaibwa. Antonio na mwanawe Bruno waitafuta mji mzima, wasiipate. Mwisho, kwa kukata tamaa, baba ajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Amwagiza mtoto atangulie kwa tramu, lakini mtoto aikosa tramu, naye aona yote: babaye akikimbizwa, akikamatwa, akipigwa kofi. Mwenye baiskeli amtazama mtoto, kisha amwachilia baba. Wawili hao waenda zao kati ya umati wa watu. Antonio alia, na Bruno amshika mkono. Lamberto Maggiorani, aliyekuwa Antonio, alikuwa mfanya kazi wa kiwanda, si mchezaji wa sinema. Nasi twamsadiki kila hatua.

Picha hiyo aliiona Satyajit Ray, Mhindi wa Bengali, alipokuwa London mwaka 1950, akaazimia kutengeneza yake. Fedha zilimwishia njiani, hata mwaka 1955 ndipo ilipotoka Pather Panchali, habari za nyumba moja ya maskini kijijini. Durga, binti wa nyumba hiyo, ashtakiwa na jirani kwamba ameiba mkufu wa shanga, naye akanusha. Baadaye afa kwa homa. Wazazi wanapofunga mizigo ili wahame, Apu, nduguye mdogo, auona mkufu ule umefichwa. Hamwambii mtu. Autupa kidimbwini, na magugu ya majini yaufunika.

Ya tatu ni ya rangi, nayo ni Wezi wa Madukani ya Kore-eda Hirokazu wa Japani, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2018. Osamu, kibarua, amfundisha Shota, mtoto amleaye, kuiba madukani, akimwambia kuwa kitu kilichomo dukani bado si cha mtu. Shota asadiki. Siku moja mzee mwenye duka dogo ampa peremende, amwambia asimtie dada yake mdogo katika kazi ile. Neno hilo lamwingia moyoni. Baadaye, aonapo dada yake akijaribu kuiba, anyakua machungwa na kukimbia mbele ya watu wa duka, ili wamfuate yeye.

Wazee wetu walisema siku za mwizi ni arobaini. Ni kweli, wala hakuna wizi unaosifiwa katika picha hizi. Lakini methali yamhesabia mwizi siku zake, nayo haimtaji mtoto asimamaye karibu. Bruno aishika aibu mkononi, Apu aifunika, Shota akataa kumrithisha dada yake. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Sisi walimu tumezoea kumwuliza mtoto ameiba nini; baada ya kuziona picha hizi hapana budi tumwulize pia ameona nini.

Basi mkipata nafasi, zitazameni pamoja na watoto wenu waliokwisha kupambanukiwa, kisha waulizeni wao wangefanyaje. Jibu lao lisikilizeni hata mwisho kabla hamjasema la kwenu.