Kidonda Kisichopona: Kuitambua Mapema Saratani ya Ngozi Katika Zahanati

Mada kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya



Nimeombwa nianze na maana, nami nitapita haraka kwa kuwa sote tumeisomea. Saratani ya ngozi ni kukua kwa seli za ngozi kupita kiasi. Aina kuu ni tatu: ya seli bapa, ya seli za tabaka la chini, na melanoma. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao melanini yao haitoshi kuwakinga na jua, ile ya seli bapa ndiyo huongoza, nayo hutokea usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Kwa wenye ngozi nyeusi, melanoma huonekana zaidi unyayoni na chini ya kucha. Kovu la moto na kidonda cha mguu cha miaka mingi navyo huweza kugeuka saratani.

Hayo yanatosha. Nililokuja kulisema linahusu bendeji.

Nilimpokea kijana mwenye ualbino, mkulima wa pamba, ana kidonda nyuma ya sikio. Nikaomba daftari lake la matibabu. “Kidonda, kusafisha na kufunga.” “Kidonda, amoksilini.” “Kidonda, kusafisha na kufunga.” Mara kumi na tisa, kwa miezi minane, kwa mwandiko wa watumishi watatu. Hakuna aliyeandika upana wa kidonda wala lini kilianza, kwa hiyo kila mmoja alikiona kama kipya. Kijana mwenyewe alikumbuka vizuri: lilianza gamba dogo, likawa linatoa damu akivua kofia. Gamba kama hilo huunguzwa kwa nitrojeni ya baridi au hukatwa kwa ganzi ya sehemu, na mtu akalala kwake siku hiyohiyo. Alipofika kwangu sikio lilikuwa limeliwa nusu, na tezi za shingo zimevimba.

Simlaumu mtumishi yeyote. Uhaba wa watumishi naujua, na juhudi zinaonekana. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu tangu 1992, na Moshi hiyohiyo hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini mtaalamu wa Moshi hawezi kuona kilicho chini ya bendeji tunayoifunga sisi. Miaka yote hii narudia neno hilohilo, kwamba tuandike tarehe na upana wa kidonda, na bado madaftari yanakuja vilevile.

Kwa hiyo napendekeza kidonda kipimwe kwa rula siku ya kwanza, upana na tarehe viandikwe kwenye jalada la daftari, si ndani. Kikifika wiki nne hakijapona, kisifungwe tena bila kuchukuliwa kinyama cha kupima au kuandikiwa rufaa. Mwenye ualbino akija hata kwa malaria, avue kofia, atazamwe masikio mbele na nyuma. Mwenye ngozi nyeusi mwenye doa jeusi linalotanuka avue viatu.

Rufaa bila nauli ni karatasi tu. Mgonjwa husubiri pamba iuzwe, na saratani haisubiri msimu. Halmashauri zitenge fungu la nauli, hata dogo. Kinyama kikikatwa, kwenye fomu iandikwe simu ya mgonjwa na ya jirani yake, maana majibu mengi hukosa mtu wa kumfikia. Losheni ya jua iagizwe pamoja na dawa nyingine, isingoje wafadhili wala sherehe za siku ya ualbino, Juni 13.

Na tena, mniwie radhi kwa kurudia: tarehe na upana, kwenye jalada.

Rula nimeziweka mezani karibu na mlango. Kila zahanati ichukue mbili, moja ya chumba cha daktari na moja ya chumba cha kufungia vidonda.